Jezi namba 42 kutoka mitumba ya Tangamano: nifumue au niache?

FundiWaNgamiani aliandika:

Assalaam aleikum wana jukwaa, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga mjini, Ngamiani, Barabara ya Nane. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, lakini ndondo zikikaribia huletewa jezi za mitumba nizibadilishe namba. Timu za vijana hazina fedha ya seti mpya. Kapteni huamka alfajiri siku ya kufungua marobota pale Tangamano, anachambua jezi za rangi zinazokaribiana, ananiletea. Mimi nafumua namba za zamani, nakata mpya, nazishona kwa zigizaga. Huu ni mwaka wa ishirini na tatu nafanya hivyo.

Jumanne kapteni wa timu moja ya Mabawa aliniletea jezi kumi na nne ndani ya mfuko wa sandarusi. Moja haikufanana na zote. Ina vifungo mbele kama shati, nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya maziwa, na kifuani imeandikwa PIRATES kwa herufi nyeusi zenye ukingo wa dhahabu. Mgongoni 42. Jina hakuna. Na namba yenyewe si hizi za kubandika kwa pasi. Ni kitambaa juu ya kitambaa, cha dhahabu chini, cheusi juu, mshono umebanana kiasi kwamba hata ncha ya wembe inatafuta pa kuingilia. Niliipapasa muda mrefu kabla sijaigusa kwa chuma.

Kapteni anataka 42 itoke, iwekwe 10, maana mvaaji ndiye namba kumi wao. Basi nikaanza na ile 4, chini kabisa kwenye mguu wake. Nilikuwa nimekata kama inchi mbili za uzi alipoingia baharia mmoja kuchukua suruali aliyoleta kupunguzwa. Akaniambia, "Fundi, hiyo usiifumue. Kule Marekani hakuna timu inayoruhusiwa kumpa mchezaji namba hiyo. Ni ya mtu mmoja, mweusi aliyeingia kucheza na Wazungu." Nikataka kumuuliza zaidi, lakini Tanga yetu ndiyo hii, waja leo waondoka leo. Alilipa, akaondoka, meli ilikuwa inamsubiri.

Tangu hapo jezi imetundikwa msumarini juu ya cherehani. Nimetafuta kwenye simu nikapata jina la Jackie Robinson wa Brooklyn, mchezo wa besiboli. Hapo ndipo nilipokwama. Kama ni wa Brooklyn, jezi ya Pirates imetokea wapi? Kama namba haivaliwi, hii ilifikaje mgongoni mwa mtu? Na kubwa kuliko yote: aliruhusiwa na nani? Serikali ilibadilisha sheria, au mwenye timu aliamka siku moja akaamua?

Niseme kwa nini jambo hili haliniachi. Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga kutoka Njombe mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa kijana, kukata mkonge. Aliletwa na Silabu, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, pamoja na wenzake. Waliitwa manamba. Wanangu wanalisikia kama neno tu la zamani, lakini lilikuwa hivyo lilivyo: mtu akifika shambani anapewa namba, kwa namba hiyo anaitwa asubuhi, anaandikiwa kipande, anapangiwa kazi. Mpaka siku thelathini zijae kwenye kipande ndipo aone mshahara. Jumapili babu alikuwa beki wa timu ya shamba, wanacheza peku. Baadaye, alipohamia mjini, aliwahi kuwa mwokota mipira ya tenisi kwenye klabu moja ya Wazungu. Alisema pale aliijua kila kona ya uwanja, ila hakuwahi kushika raketi.

Namba yake ya shambani aliikumbuka mpaka anafariki, na hakuitamka mbele yetu hata mara moja. Nilipoanza kushona namba kwenye jezi alinitembelea kibandani. Alisimama mlangoni akinitazama nikishona 7 mgongoni, akaniuliza, "Na jina lake utaliweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Sasa nimeletewa jezi yenye namba bila jina, na naambiwa ni ya heshima. Mwenye kujua anieleze. Kapteni anarudi Ijumaa.

---

MwalimuWaBagamoyo alijibu:

Waaleikum salaam, Fundi. Nafundisha historia sekondari hapa Bagamoyo, na habari hii nimeifuatilia kwa mapenzi kwa miaka mingi. Naanza na jezi yenyewe, kwa kuwa Ijumaa si mbali.

Baharia wako alisema kweli. Mwaka 1997, miaka 50 tangu Robinson aingie ligi kuu, namba 42 ilistaafishwa kwa timu zote. Waliokuwa wakiivaa waliachiwa mpaka wamalize, na wa mwisho alikuwa Mariano Rivera wa New York Yankees, aliyestaafu 2013. Ila mwaka 2007 mchezaji Ken Griffey Jr. aliomba aivae siku moja tu, 15 Aprili, kumkumbuka Robinson. Wengine wakafuata. Tangu 2009 kila mchezaji wa kila timu, pamoja na makocha na waamuzi, huvaa 42 tarehe hiyo. Ndiyo maana unayo ya Pirates. Huenda ilivaliwa uwanjani, huenda iliuzwa kwa mashabiki. Mshono pekee hautuambii. Na jina halikuwekwa makusudi: siku hiyo uwanja mzima umebeba jina moja, na kila aliyeko jukwaani analijua bila kulisoma. Nadhani hilo lingemtosha babu yako.

Sasa swali lako la nani aliruhusu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, Fundi. Mwaka 1884 mweusi mmoja, Moses Fleetwood Walker, alikuwa mdakaji wa timu ya Toledo katika ligi kubwa ya wakati ule. Baada yake wenye timu walikubaliana kimyakimya kutosajili mweusi, na kimya hicho kikadumu zaidi ya miaka 60. Wenzao wa gofu waliandika waziwazi: chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani kilikuwa na kifungu cha kuwataka wanachama wawe Wazungu, na kilikifuta mwaka 1961. Kwenye besiboli ukiuliza uliambiwa hakuna aliyezuiwa. Huwezi kushtaki kimya.

Kimya hicho kilivunjwa na watu wengi kabla ya Robinson kugusa uwanja. Wanajeshi weusi walikuwa wamepigana Vita Kuu ya Pili na kurudi nyumbani kwenye milango ile ile iliyofungwa. Waandishi wa magazeti ya weusi, Wendell Smith wa Pittsburgh Courier na Sam Lacy, walipiga kelele mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1945 jimbo la New York likapitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika ajira. Hapo ndipo anapoingia Branch Rickey, mkuu wa Brooklyn Dodgers. Rickey alikuwa mcha Mungu, na alikuwa mfanyabiashara aliyeona vipaji na tiketi ambavyo wenzake walikataa kuviona. Sioni sababu ya kuchagua kimoja.

Alimwita Robinson ofisini Agosti 1945. Robinson alikuwa amewahi kuwa ofisa wa jeshi, na mwaka 1944 alishtakiwa kwenye mahakama ya kijeshi baada ya kukataa kwenda kukaa nyuma ya basi huko Texas. Alishinda kesi. Yaani mtu asiyejua kuinama ndiye aliyeombwa atukanwe asijibu. Alikubali. Msimu wa 1946 alicheza Montreal, timu ya chini ya Dodgers, na tarehe 15 Aprili 1947, akiwa na miaka 28, akasimama kulinda kituo cha kwanza mbele ya watazamaji zaidi ya 25,000 pale Ebbets Field. Wiki ya pili tu benchi la Philadelphia, likiongozwa na kocha wao Ben Chapman, lilimtukana mechi nzima kwa maneno nisiyotaka kuyaandika hapa. Mwisho wa msimu alichaguliwa mchezaji bora miongoni mwa wageni wa ligi. Mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 1955 Dodgers wakatwaa ubingwa.

Lakini Pirates ni timu ya mji wa Pittsburgh, na ningekuwa mimi ningeitunza kwa sababu ya mji huo. Pittsburgh na vitongoji vyake vilikuwa na timu mbili za weusi zilizotisha, Crawfords na Homestead Grays. Timu zote mbili zilimchezesha Josh Gibson, mpigaji ambaye waliomwona walisema hajazaliwa mwingine. Gibson alifariki 20 Januari 1947, ana miaka 35. Hesabu mwenyewe: chini ya miezi mitatu kabla ya siku ya Robinson. Mwaka 2024 takwimu za ligi za weusi zilipounganishwa na za ligi kuu, wastani wake wa upigaji, .372, ndio uliokaa juu ya wote katika historia. Na Pirates wenyewe, wakiwa mji mmoja na vipaji hivyo, hawakumpanga Mmarekani mweusi mpaka mwaka 1954, Curt Roberts. Kisha 1 Septemba 1971 timu hiyohiyo ikapanga kikosi cha kwanza cha ligi kuu ambacho wachezaji wote tisa walikuwa weusi, Wamarekani na wa kutoka Amerika ya Kati na visiwani, Roberto Clemente akiwemo. Mwaka huohuo wakawa mabingwa.

Usiifumue.

---

BetriYaChuda alijibu:

Shikamoo Fundi, shikamoo Mwalimu. Mimi mtu wa mpira wa miguu, besiboli nimeiona kwenye simu tu. Naongeza moja kwa sababu kwenye soka watu wanajua hadithi ya Robinson lakini ya kwetu hawaijui.

Mweusi anayetajwa na wengi kuwa wa kwanza kulipwa kucheza soka alikuwa Mwafrika kabisa, mzaliwa wa Accra mwaka 1865. Arthur Wharton, golikipa. Alienda Uingereza kusomea kazi ya dini, akaishia uwanjani. Mwaka 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 pale Stamford Bridge, akawa bingwa. Alidakia Preston North End, na mwaka 1889 akasaini kulipwa Rotherham Town. Kwa hiyo wakati Marekani wanafunga mlango, Uingereza golini kuna kijana wa Kiafrika.

Ila sikilizeni mwisho wake. Alimalizia maisha kwenye machimbo ya makaa ya mawe, akafa maskini mwaka 1930, akazikwa kaburi lisilo na jiwe. Jiwe la jina aliwekewa 1997. Mwaka uleule namba ya Robinson inastaafishwa! Na mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya Uingereza katika mechi kamili, Viv Anderson, ilikuwa Novemba 1978. Toka Wharton asaini mpaka Anderson avae, miaka 89. Kwa hiyo mtu anaweza kuruhusiwa kuingia na bado asikumbukwe. Samatta alipofunga kwa Aston Villa Februari 2020 sisi hapa Chuda tulizunguka na pikipiki mpaka saa sita usiku, na sikusikia mtangazaji hata mmoja anamtaja Wharton.

---

FundiWaNgamiani aliandika:

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimesoma kibandani kwa sauti, wateja wawili wakaketi kusikiliza.

Nina swali la kifundi. Umesema Gibson alikuwa ligi ya weusi, na nimesoma kwamba Robinson naye alitoka timu ya weusi, Kansas City Monarchs. Mimi kijana niliyemfundisha kazi miaka minne akichukuliwa na duka kubwa, angalau mwenye duka huja kunisalimu. Hao Monarchs walipewa nini? Na ligi yenyewe ikawaje?

---

MwalimuWaBagamoyo alijibu:

Hawakupewa kitu, Fundi. Rickey alidai Robinson hakuwa na mkataba unaomfunga, akamchukua bila kulipa senti. Wenye Monarchs walinung'unika kisha wakanyamaza, maana nani angetaka kuonekana ndiye anayemzuia Robinson asiingie? Ndivyo walivyobanwa.

Aliyekataa kunyamaza ni mwanamke, Effa Manley, aliyeendesha Newark Eagles pamoja na mumewe. Eagles walikuwa mabingwa wa weusi mwaka 1946. Bi Manley alisema waziwazi kwamba timu zao ni biashara halali, zina mishahara, zina mabasi, zina mikataba, na mchezaji wake hatolewi bure. Larry Doby alipotakiwa na Cleveland mwaka 1947, mwenye timu Bill Veeck alilipa. Doby akaanza kucheza Julai 5, wiki kumi na moja baada ya Robinson, akawa mweusi wa kwanza katika American League, ya pili kati ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Alitukanwa kama Robinson, akakataliwa hoteli kama Robinson, na leo wanaomtaja ni wachache. Manley aliingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli mwaka 2006, mwanamke wa kwanza.

Ligi zenyewe zilikufa. Ile ya Negro National League, ambayo mizizi yake ni ligi iliyoanzishwa na Rube Foster mwaka 1920, ilivunjika baada ya msimu wa 1948. Watazamaji weusi walihamia kwenda kumtazama Robinson, na nani angewalaumu? Lakini timu kuu zilichukua mchezaji mmoja mmoja, wawili wawili, polepole; Boston Red Sox hawakumpanga mweusi mpaka 1959. Wachezaji wengine mamia, makocha, madereva wa mabasi, wakata tiketi, wenye hoteli zilizowapokea, walibaki nje, na kazi zao za zamani zimekwisha. Makocha ndio waliosubiri zaidi. Robinson mwenyewe, Oktoba 1972, alisimama mbele ya umati kwenye fainali akasema angependa siku moja atazame pale na kuona kocha mkuu mweusi. Siku tisa baadaye alifariki, miaka 53. Kocha mkuu mweusi wa kwanza, Frank Robinson, ambaye si ndugu yake, alianza kazi Cleveland mwaka 1975.

Nikilifundisha hili darasani, wanafunzi huuliza kama ingekuwa heri ligi za weusi zibaki. Huwaambia wamuulize mtu aliyenyimwa hoteli. Lakini huwaambia pia kwamba ligi nzima ingeweza kuingia pamoja na timu zake na makocha wake, kama kampuni mbili zinavyoungana, na wenye ligi kuu hawakutaka.

---

BibiMazoezi_Korogwe alijibu:

Hamjambo wanangu. Nilikuwa mwalimu wa michezo kwa miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu niko Korogwe na miguu inanisumbua lakini kumbukumbu bado.

Nimesoma yote na nimefurahi. Ila mmeandika kana kwamba kazi yote ilikuwa kuingia. Sisi Afrika tulikuwa na kazi ya kukataa kuingia, nayo iliuma. Najua riadha enzi hizo haikuwa ya kulipwa, lakini mtanisamehe, siwezi kupita kimya.

Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mita 1500 toka bunduki ilie mpaka utepe. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nyuma yake John Walker wa New Zealand, naye akiwa chini ya rekodi ya zamani. Mei 1975 Bayi akavunja rekodi ya maili pale Kingston, 3:51.0. Agosti Walker akaishusha, 3:49.4. Dunia nzima ikasubiri Montreal 1976 wakutane.

Nilikuwa chuo cha ualimu. Chumba chetu cha wasichana kilikuwa na redio moja ya mbao, betri tunaichangia. Tukasikia Tanzania haiendi. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa inacheza Afrika Kusini ya makaburu, tena wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi Juni 16, na Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand. Nchi zaidi ya ishirini zikajitoa, karibu zote za Afrika. Walker alichukua dhahabu kwa 3:39.17. Mnaona? Sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Nililia usiku ule, na mwenzangu wa kitanda cha juu akaniambia, "Unalia nini, ingekuwa ndugu yako amezikwa Soweto?" Nikanyamaza. Mpaka leo nadhani alikuwa sahihi, na mpaka leo ile dhahabu inaniuma. Vyote viwili.

Bayi alikuja kupata fedha ya kuruka viunzi na maji, Moscow 1980. Ile mbio ya Montreal hakurudishiwa.

Na kule Afrika Kusini kwenyewe yupo Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town, ambaye kwa rangi yake hakuweza kuichezea nchi yake kriketi. Akahamia Uingereza. Mwaka 1968 alipochaguliwa kwenda na timu ya Uingereza kucheza kwao, serikali ya makaburu ikamkataa, na ziara ikafutwa. Kutoka hapo wakaanza kutengwa michezo mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewafungulia mtu mmoja mlango kwa hisani. Walifungiwa wao. Hatimaye mwaka 1995 wakashinda kombe la dunia la raga wakiwa na mweusi mmoja tu kikosini, Chester Williams, na mwaka 2019 nahodha aliyelinyanyua ni Siya Kolisi.

Fundi, nina swali kwako. Huyo kijana namba kumi ameambiwa habari hii, au tunaijadili sisi wazee peke yetu?

---

FundiWaNgamiani aliandika:

Shikamoo mama. Umenigusa mahali penyewe.

Ijumaa kapteni hakuja peke yake, nilimwomba aje na kijana mwenyewe. Ana miaka kumi na sita, mrefu, mikono haijui pa kuiweka. Nilimketisha kwenye benchi la wateja nikampa simu asome toka juu. Alisoma polepole. Alipofika kwa Mwalimu, pale pa mahakama ya kijeshi, alirudia mara mbili. Kwa Gibson aliuliza, "Kwa hiyo alikufa Januari, na yule akaingia Aprili?" Nikamwambia ndiyo. Alikaa kimya, akaendelea. Maneno yako ya redio, mama, alimsomea kapteni kwa sauti.

Nikampa habari ya babu yangu pia. Bibi yake, kumbe, amezaliwa kambi ya mkonge upande wa Muheza. Akaniambia bibi humwita mtoto yeyote mtundu "manamba wewe", naye hakuwahi kujua maana yake. Alisema atamuuliza.

Kuhusu jezi, amechagua mwenyewe. Atavaa 42. Ndondo haina sheria ya namba, refa anachotaka ni zisifanane. Namba 10 nimeishona kwenye jezi nyingine na atapewa mdogo wake aliye benchi. Kapteni alitaka nimwekee jina mgongoni juu ya ile 42, nikamweleza alivyosema Mwalimu, kijana naye akatikisa kichwa, akasema liachwe hivyo. Lakini upande wa ndani wa kola, pale panapokaa lebo, nimemtarizia jina lake kwa mkono. Herufi ndogo, halionekani akivaa. Hilo ni la babu yangu, sikumdai fedha.

Zile inchi mbili nilizokata nimezirudishia kwa sindano ya mkono, nikipita kwenye matundu yaleyale ya mwanzo. Ilinichukua karibu saa nzima kwa sababu matundu ni madogo kuliko ya cherehani yangu. Uzi wangu ni mweusi kuliko wa zamani. Ukiisogeza jezi machoni, chini ya mguu wa 4, pataonekana.

Mechi yao ya kwanza ni Jumapili saa kumi, na ya Chumbageni. Mama, kama miguu itakuruhusu na upo mjini, nitakuwekea kiti upande wa kivuli.